Karabai Iliyokwenda Likizo

Karabai ilikuwa ya moto.

Si moto wa kuunguza. Ulikuwa moto wa kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Rabia alikigusa kioo, akautoa mkono, akakigusa tena kwa nyuma ya kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto. Taa ile haikuwa imewashwa tangu mvua za mwaka uliopita. Kabla hajaivua, ilikaa juu ya kabati imevikwa mfuko wa plastiki, na vumbi juu ya mfuko lilikuwa halijaguswa na mtu.

"Baba Anifa! Umewasha karabai?"

"Saa nne asubuhi?" Sauti ilitoka chumbani. "Niwashe karabai nitafute nini, jua?"

Yusuph alikuwa juu ya stuli, stuli ikiwa juu ya meza, meza ikitetemeka juu ya miguu yake, na mikono ya Yusuph ikizungusha glopu darini. Huyu alikuwa afisa nyuki wa wilaya ya Kibondo, mzaliwa wa Tanga, mwenye tumbo la ngoma na mdomo wa tarumbeta. Barua ya uhamisho wa kwenda Kasulu ilipofika, Novemba ile ya 2014, kitu cha kwanza kufungashwa kilikuwa glopu. Alipoingia nyumba ile ya serikali alikuta nyaya zinaning'inia kama tambi, aliyemtangulia kaondoka hadi na swichi ya chooni. Yusuph akaapa kwamba atakayemfuata atazikuta nyaya hizo hizo. Mtumishi hahami akaacha glopu. Aziache zimwangazie nani?

Glopu alizipanga kwenye trei za mayai, vichwa chini. Vioo vya chemli vilikuwa kazi ya Rabia: unakijaza kioo maranda kutoka kwa fundi wa mizinga, unakifunga kwa kanga iliyochakaa, unakilaza ndani ya ndoo ya asali. Lakini karabai ina adabu yake. Unamwaga mafuta, unatoa upepo, unavua kioo, na utambi wake, kile kifuko cha uzi kinachotoa mwanga, unaung'oa na kuutupa. Maana utambi wa karabai ukishawaka mara moja ni majivu yaliyosimama kwa ukaidi tu. Hata lori likikohoa, unamwagika.

Rabia aliung'oa. Ukavunjikia kiganjani, akaupuliza dirishani. Tangi lilikuwa kavu. Akaviringisha vyote kwenye kanga, akatia boksini, akafunga kamba ya katani. Kisha akaosha mikono, na akaendelea kuiosha muda mrefu kuliko uchafu wenyewe.

Alasiri boksi lilianza kuvuma.

*Shhhhhh*. Mlio ule wa karabai iliyopigwa pampu vizuri ikaiva. Rabia alidhani ni mvua, akatoka kuanua nguo. Nje kulikuwa kukavu. Harufu ya mafuta ya taa ilimfuata hadi kwenye kamba.

Magharibi walikaa kula sebuleni chini ya glopu moja iliyobaki, ambayo Yusuph aliiita "abiria wa mwisho." Umeme ulikuwepo, unang'aa. Anifa, binti yao wa miaka sita, alinyoosha mkono kwenye sahani, akaugonga ukingo, akaugonga tena.

"Baba, mbona umezima taa?"

"Wewe, usinianze. Glopu nitaifungua kesho."

"Mbona giza?"

Yusuph alicheka. Akamchezeshea vidole mbele ya macho, akamtolea ulimi, akapanua masikio kama tembo, mchezo ambao haukuwahi kushindwa. Macho ya Anifa yalikuwa wazi, makubwa, yakitazama mahali ambapo baba yake hakuwepo.

Hapo ndipo hodi ilipobishwa. Taratibu, chini kabisa ya mlango, pale unapofika mkono mfupi.

"Hodi. Mama anaomba taa."

Yusuph alifungua. Kibarazani hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo mbili ndogo za maji juu ya saruji kavu, vidole vikielekea ndani. Kutoka palepale kwenye zile nyayo, sauti ya mtoto, ya upole, ya mtoto aliyefundwa, ikauliza:

"Baba Anifa, taa imerudi kutoka likizo?"

Akaufunga mlango kwa kitasa, kwa komeo, na kwa mgongo wake.

"Nani huyo?" Rabia alinong'ona. "Likizo gani?"

"Watoto wa mtaa. Wanacheza."

Aliposema vile, Anifa alilia kwa sauti. "Mama, limezidi! Giza limezidi!"

*

Rabia hakujua kwa kuwa hakuwepo. Masika yale ya mwaka uliopita alikuwa Tanga akimuuguza mama yake, amekwenda na Anifa. Yusuph alibaki mwenyewe na wenzake wa karata, mmoja wao Mwalimu Ildefonsi, ambaye kicheko chake kilikuwa kinatangulia utani, kiasi kwamba mtu alilazimika kuutafuta utani ili asikiaibishe kile kicheko.

Nyumba ya nyuma walikaa Esteri na watoto wake. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye kazaliwa huku, uraia anao, na mumewe Havyarimana alikuwa ametangulia Busunzu kufyeka shamba. Jioni moja ya mvua kubwa, umeme umekatika kwa siku nyingi na simu zote mtaani zimekufa, mtoto wa Esteri, Fidele, alianza kubanwa kifua. Njia ya hospitali ilishuka bondeni, ikavuka kijito kwa gogo. Bila mwanga, gogo lile lilikuwa la kubahatisha, na mtu aliyebeba mtoto habahatishi. Akamtuma bintiye mkubwa, Divine, kwa Baba Anifa, mwenye karabai.

Yusuph alifungua mlango, karata mkononi. Nyuma yake karabai inavuma, inawaka kama mchana, mwanga unampita miguuni hadi kwenye vidole vya yule mtoto aliyeloa.

"Hodi. Mama anaomba taa."

Angeweza kumpa. Lakini alikuwa na karata nzuri, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kushika, na wenzake walikuwa wanatazama, na mdomo wa Yusuph ulikuwa kama mbuzi: ukiona jani haujiulizi ni la nani.

"Mwambie mama taa imekwenda likizo Tanga," alisema. "Ikirudi nitawaita."

Ildefonsi alicheka hadi akamwaga chai. Divine aliutazama ule mwanga miguuni pake, akamtazama mtu mzima usoni, akasema, "Haya, shikamoo," akarudi mvuani.

Esteri alingoja kukuche. Fidele hakungoja.

Kesho yake, kama ilivyo desturi, majirani walibeba taa kwenda matangani. Kila mtu alileta alichonacho, na Yusuph naye akaleta chake. Hakufikiri. Mikono yake ilijaza tangi, ikapiga pampu, ikanyanyua karabai, kwa sababu ndivyo mtu mwenye karabai afanyavyo penye msiba. Alipoingia uani kwa Esteri inawaka, watu wote wakasema, "Ah, Afisa, Mungu akubariki." Esteri aliitazama ile taa. Akasema neno moja tu la kwao.

"Urakoze."

Asante. Baadaye Esteri na Divine wakahamia Busunzu kwa mumewe. Tangu siku ile Yusuph hakuiwasha tena karabai. Na alizidisha utani mara mbili.

*

Asubuhi baada ya ile hodi walimwita Mzee Venanti, mtaalamu wa majini. Alifika kwa pikipiki, amepakata mkoba, kofia ya mwendesha pikipiki bado kichwani, akaiacha palepale kwa usalama. Akafukiza ubani. Akalizunguka boksi. Akapiga pembe yake ya swala karibu na kamba ya katani, kisha akasikiliza kama mtu aliyepiga simu na upande wa pili umepokea.

"Ni nani aliyebisha kwako ukamnyima?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Rabia alimtazama mumewe.

"Kwangu?" Yusuph alitanua mikono. "Mzee, mlango wangu haujui kumnyima mtu. Nyuki wenyewe wananidai shukrani!"

Boksi likavuma. Kamba ya katani ikafuka moshi mwembamba, ikakatika yenyewe. Ndani ya kanga karabai ilikuwa imesimama wima, na utambi ule ambao Rabia aliupuliza dirishani ulikuwa mahali pake, mweupe, mzima, umejaa kama shavu la mtoto. Na Anifa, aliyekuwa akicheza uani juani, akaita, "Mama, kumekuwa usiku!"

Mzee Venanti alirudisha pembe mkobani.

"Jini lililovamia nalitoa," alisema akirudi kinyumenyume. "Hili halikuvamia. Uliliambia taa iko safarini, nalo limekaa linangoja. Kila ukiongeza uongo linamfunika mtoto. Mimi nitamfukuzaje mtu aliyeambiwa asubiri?"

Akaondoka bila hata kunywa chai, na kwa Mzee Venanti hilo halikuwahi kutokea.

"Baba Anifa," Rabia alinong'ona. "Ulimwambia nani asubiri?"

"Huyu mzee ni tapeli tu," alisema Yusuph. Lakini hakumtazama usoni.

*

Fuso la dereva Obedi lilipakiwa mchana, likaondoka Kibondo kuelekea Kasulu huku vumbi jekundu likigeuka tope, maana mvua ilianza. Mbele walikaa Obedi, Yusuph, na Rabia aliyempakata Anifa. Mtoto alishika kidole cha mama yake kama mtu anayeshika ukingo wa gogo.

"Afisa," alisema Obedi baada ya mwendo, "huko nyuma mmefungua mtungi wa gesi? Mbona kuna kitu kinalia?"

"Upepo."

"Upepo wa kwenu Tanga labda. Huku kwetu Buha upepo haunuki mafuta ya taa."

Yusuph alitaka kujibu, majibu yalimjaa mdomoni kama kawaida, lakini kwenye kioo cha pembeni aliona mwanga, mwanga mweupe unaotoka chini ya turubai mchana kweupe, ukiyumba jinsi taa inavyoyumba mkononi mwa mtu anayetembea, na kila lori lilipoingia shimoni hakusikia kioo kikilia wala sufuria ikigongana, alisikia tu nyayo ndogo, tap, tap, tap, zikipita juu ya magodoro, juu ya ndoo za asali, juu ya trei za glopu bila kuvunja hata moja, zikija mbele, zikija mbele, hadi ziliposimama nyuma ya kichwa chake, upande wa pili wa bati, na mkono mfupi ukabisha hapo, taratibu, na sauti ile ya upole ikauliza kama bado, kama bado tu, maana mama amesema asubiri.

Na Anifa, aliyekuwa kimya safari nzima, akaitikia: "Bado."

"Simama," alisema Yusuph.

"Hapa? Hapa ni Busunzu."

"Simama, Obedi!"

Lori lilisimama. Rabia alimgeukia mumewe. "Kuna nini Busunzu?"

Akamwambia. Alimwambia akitazama goti lake mwenyewe, bila kupamba, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Rabia alimsikia Yusuph akisimulia jambo ambalo halikuwa na mahali pa kucheka. Obedi alizima injini, akajifanya anafuta kioo.

"Mtoto aliona mwanga?" aliuliza Rabia.

"Aliuona."

"Na matangani ukaipeleka."

"Niliipeleka."

"Inawaka."

"Inawaka."

Rabia alimkumbatia Anifa kwa nguvu. "Shuka," alisema. "Shuka kabla sijakushusha."

*

Esteri alikuwa uani akianua mihogo aliyokuwa ameianika. Divine, ambaye sasa alikuwa ameanza kurefuka, ndiye aliyewaona kwanza: Yusuph na karabai mkononi, inawaka bila mafuta, na nyuma yake Rabia amembeba mtoto mkubwa asiyestahili kubebwa. Divine aliweka ungo chini.

"Mama," alisema. "Taa imekuja."

Esteri alinyooka. Alimtazama yule mtu, akaitazama ile taa. "Karibuni," alisema.

Yusuph alifungua mdomo, na mdomo, mnyama yule wa mazoea, ukaleta ulichozoea. "Mama Divine! Busunzu imekukubali, umenawiri kama—"

Karabai ilinguruma. Mikononi mwa Rabia, Anifa alitoa mlio mwembamba. Yusuph akapiga magoti juu ya maganda ya mihogo, tumbo lake lote na cheo chake chote.

"Siku ile taa ilikuwepo," alisema. Esteri aliitikia ndiyo kwa lugha ya kwao.

"Ego."

"Na mafuta yalikuwemo."

"Ego."

"Nilikuwa nacheza karata. Nikamwambia mtoto—"

"Alinieleza," alisema Esteri. "Neno kwa neno. Nikamuuliza, wewe hukuona mwanga? Akasema aliuona, lakini itakuwa taa nyingine, maana Baba Anifa ni mtu mzima, mtu mzima hawezi kumdanganya mtoto. Kisha akaniuliza kama Tanga ni mbali."

Divine alitazama pembeni.

"Nisamehe, Mama Divine."

Esteri alikusanya mihogo iliyobaki kwanza. Mvua iliyowanyea njiani ilikuwa karibu kufika, na mihogo haingoji maneno ya mtu.

"Nilikusamehe zamani," alisema alipomaliza. "Si kwa wema. Huwezi kulima umebeba jiwe. Lakini siku ile sikungoja peke yangu. Fidele alikuwa anautazama mlango. Ananiuliza, inakuja? Namwambia inakuja. Kila akiuliza, namwambia inakuja. Hata mimi nilimdanganya, umeona? Msamaha wake yule mimi siwezi kuutoa."

"Ichukue taa hii, nakuomba."

"Oya, hapana! Niifanyie nini sasa? Nenda nayo. Iwe na mafuta kila jioni. Fidele akibisha, mfungulie, umpe. Mimi nilisema inakuja. Wewe ndiye wa kuifanya iwe kweli."

Mwanga wa karabai ulishuka, ukawa mdogo, ukazimika wenyewe. Tone la kwanza la mvua lilipiga bati.

"Mama," alisema Anifa, "yule kuku ana soksi."

Rabia alitazama. Kweli, jogoo wa Esteri alikuwa na miguu yenye manyoya meupe. Rabia akakaa chini palepale kwenye vumbi na kulia, na Esteri, aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kulia, ndiye aliyemwinua.

*

Kasulu walifika salama. Glopu zote nzima. Yusuph alizifunga moja baada ya nyingine, nyumba ikawaka hadi uani, na majirani wapya wakasema huyu afisa ana mwanga.

Lakini kila magharibi, umeme ukiwepo au usipokuwepo, alitoka kibarazani na karabai iliyojaa mafuta. Dukani walimtania: "Afisa, mafuta ya taa ya nini na nguzo ya umeme iko mlangoni kwako?" Alikuwa mtu ambaye zamani angewajibu hadi wafunge duka. Sasa alichukua galoni lake na kuondoka.

Siku za ukavu hakuja mtu. Siku za mvua hodi ilibishwa, chini kabisa ya mlango.

"Ipo, baba," Yusuph alisema kila mara. "Ina mafuta. Chukua."

Kitu baridi, chenye maji, kiligusa vidole vyake, na karabai ilishuka kibarazani, ikashika njia ya kushuka bondeni ikiyumba kwa kimo cha mtoto, ikizidi kuwa ndogo, hadi mvua ilipoimeza. Alfajiri aliikuta kizingitini, tangi kavu, kioo cha moto. Jioni moja alichelewa Titye kwenye mizinga, mvua ikamkuta njiani. Rabia aliiwasha yeye, akafungua mlango yeye. "Si wewe," aliambiwa na giza. Anifa alipapasa ukuta hadi baba yake alipofika anakimbia, viatu mkononi. Tangu hapo Yusuph hakulala tena nje ya Kasulu.

Akajizoesha. Mtu huzoea, hata adhabu. Alianza hata kuamini kwamba zamu yake ingemalizika siku moja, kwamba mtoto yule akishavuka lile gogo mara za kutosha angefika.

Ndipo Ildefonsi alipopiga simu kutoka Kibondo. Jioni ya mvua. Yusuph alimsikia akipumua kwanza, na akashangaa: hakuwahi kumsikia Ildefonsi akipumua bila kucheka.

"Afisa. Ile karabai yako, ulihama nayo?"

"Ninayo hapa mkononi."

"Basi..." Sauti ilikuwa ya mtu aliyejificha chini ya meza. "Basi kwangu anabisha nani? Amebisha jana, amebisha leo. Mtoto. Nyayo zimeshaingia hadi sebuleni."

"Mpe taa, Mwalimu. Mpe yoyote uliyonayo."

"Nimempa! Nimempa chemli, nimempa tochi, hataki. Haombi taa, Yusuph."

"Anaomba nini?"

Mvua ilisikika simuni, na nyuma ya mvua, karibu sana na simu, pumzi nyingine, fupifupi, ya kifua kilichobana.

"Anauliza tulikuwa tunacheka nini."